Kodi ya Kuwa na Mtu

Nchi yenyewe sitaitaja. Wenyewe hawapendi kutajwa kabla ya kuombwa kibali, na kibali hutolewa na ofisi ambayo bado inatafuta jengo. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, yenye amani, na viongozi wake wanaipenda kiasi kwamba hawawezi kuiacha hata wakichoka.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Mfuko wa Uzee Mwema. Kila mfanyakazi alikatwa sehemu ya mshahara wake tangu siku ya kwanza ya kazi, na fedha hizo zikatunzwa mahali salama, yaani mbali naye. Angezichukua akifika umri wa kustaafu. Umri huo mwanzoni ulikuwa hamsini na tano. Baadaye Serikali ikagundua kwamba wananchi wake wanafika hamsini na tano wakiwa bado hai, ikaona hiyo ni ishara ya afya njema, ikaupandisha hadi sitini, kisha sitini na tano. Mbunge mmoja alipouliza utapanda hadi wapi, Waziri alimjibu kwamba Serikali haina nia ya kuweka kikomo katika maisha ya wananchi wake. Bunge zima lilipiga meza.

Aliyetaka akiba yake kabla ya wakati hakuzuiwa. Tusiionee Serikali. Aliruhusiwa kabisa, ila alikatwa Kodi ya Haraka, ambayo ilikuwa nusu ya fedha zote, ili ajifunze subira.

Bi Mwanakheri alikuwa na miaka hamsini na sita, na hakuwa na haraka. Alikuwa haoni.

Maisha yake yote ya kazi alishona bendera katika karakana ya Serikali: bendera za shule, bendera za mipakani, na zile ndogo za magari ya mawaziri, ambazo zinahitaji mkono mwepesi na jicho kali. Mume wake, fundi saa, alifariki mapema. Hawakujaliwa mtoto. Ndugu zake walikuwa wamekwenda mmoja mmoja, akabaki yeye na cherehani.

Kisha ukungu ukaanza kuingia machoni. Kwanza ulikaa pembeni, akaudhania moshi. Ukasogea katikati. Siku moja alishona nyota ya bendera mahali pa mwezi na mwezi mahali pa nyota, na bendera hiyo ikapelekwa ng'ambo kwenye ziara ya Waziri. Wenyeji walipoiona wakadhani ni ya nchi nyingine, wakapiga wimbo wa taifa wa nchi hiyo nyingine. Waziri alisimama wima, akaweka mkono kifuani, akauchezesha mdomo wake kama anayeimba mpaka mwisho. Hakuna aliyegundua kosa isipokuwa dereva wake, naye ndiye aliyefukuzwa wa kwanza. Bi Mwanakheri alifukuzwa wa pili, akapewa kanga yenye picha ya Waziri.

Daktari wa macho alimwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba upasuaji ungemrudishia macho yake yote mawili. Akamtajia gharama. Bi Mwanakheri aliipigia hesabu akiba yake akaona inatosha, na chenji ya kujikimu ingebaki. Akipata nusu tu, haitoshi.

Akaenda Mfukoni.

*

Jengo la Mfuko lilikuwa refu kuliko yote mjini, kwa sababu lilijengwa kwa akiba za watu wote. Huduma zilitolewa chini kabisa, kwenye dirisha moja lenye kitobo. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuchukua changu."

"Umri?"

"Hamsini na sita."

"Bado binti kabisa," kijana akasema kwa furaha. "Itabidi tukate Kodi ya Haraka."

"Nasikia mgonjwa hakatwi."

"Kweli. Unaumwa nini?"

"Mtoto wa jicho. Cheti cha daktari hiki hapa."

Kijana akafungua kitabu cha kanuni, akapitisha kidole. "Mama, ugonjwa wa mtoto wa jicho tumeuorodhesha kwenye magonjwa ya wazee. Na wewe, kisheria, si mzee. Kwa hiyo huna ugonjwa huo."

"Mbona sioni?"

"Hilo ni jambo lako binafsi."

"Daktari ameona kwa macho yake."

"Daktari anatibu, mama. Anayetambua ugonjwa ni sisi."

Bi Mwanakheri alishika ukingo wa dirisha. Nyuma yake foleni ilikuwa ikiguna. Kijana akamwonea huruma, akashusha sauti.

"Mama, hebu niambie. Una mtu?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Yeyote. Wa kuja kukujulia hali, wa kula naye, wa kukuuliza umeamkaje."

Bi Mwanakheri akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

"Sina," akasema.

"Kumbe!" Kijana akagonga meza kwa shangwe. "Ungesema mapema! Kuna Msamaha wa Upweke. Asiye na mtu hakatwi hata senti. Hongera sana, mama!"

Na watu wawili watatu kwenye foleni wakampa mkono.

*

Serikali makini haiamini maneno matupu. Mtu anaweza kujifanya mpweke kumbe ana shangazi. Kwa hiyo kila mwombaji alipelekewa Afisa Mhakiki wa Upweke, aliyekaa mlangoni kwake kuanzia asubuhi hadi magharibi, msimu mzima wa mvua, akitazama kama kuna mtu anakuja.

Majirani walipewa maelekezo. Waliokuwa wakimwamkia Bi Mwanakheri wakiwa njiani kwenda kisimani waliombwa waache, wasije wakamharibia. Mama mmoja aliyekuwa akimletea mboga Ijumaa aliitwa ofisini akaelezwa madhara ya tabia hiyo. Wote walikubali kwa moyo mmoja. Katika nchi ile watu ni wasikivu, na kutomsalimia mtu hakuna gharama. Ndani ya wiki moja nyumba ya Bi Mwanakheri ikawa kimya hata kuku wa jirani wakawa wanapita upande wa pili.

Mhakiki alifika na kigoda chake, mwavuli, na beji. Aliitwa Ngusa. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti nzito ambayo kazini hakuitumia, kwani kanuni ilimkataza kuzungumza na anayehakikiwa. Alikiweka kigoda nje ya kizingiti, akakaa.

"Karibu chai," Bi Mwanakheri akamwambia siku ya kwanza.

Mhakiki akafungua mwavuli wake.

"Basi nitaiweka hapa. Ukinywa, umekunywa. Usipokunywa, nzi watakunywa."

Jioni alikuta kikombe kimejaa na kimepoa. Siku ya pili hivyo hivyo. Akaacha.

Ukitaka kujua kukaa peke yako ni nini, kaa peke yako huku mtu akikutazama. Bi Mwanakheri alipokuwa hana hata mhakiki, alikuwa akijisemea na kuimba. Sasa aliona haya. Alipika kimya, akala kimya, akashona viraka kwa kupapasa, na mlangoni kilikuwepo kivuli kikubwa kisichotikisika, kikiziba mwanga mdogo aliobakiwa nao.

Kisha kuna asubuhi moja aliweka kikaango jikoni, akachukua chupa, akaanza kumimina.

"Mama! Hayo mafuta ya taa!"

Kigoda kilianguka. Mkono ukaikamata chupa. Jiko la mkaa lilikuwa jekundu chini ya kikaango. Wote wawili wakasimama wakihema.

"Umesema," Bi Mwanakheri akasema.

"Sijasema."

"Nani kasema basi?"

Mhakiki akakohoa. "Kanuni inamruhusu mhakiki kulinda mali ya Mfuko. Na wewe, Bi Mwanakheri, mpaka utakapolipwa, u mali ya Mfuko."

Bi Mwanakheri akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa zamani tangu acheke, kicheko chenyewe kilitoka na kutu. Ngusa alijaribu kujizuia, kwa sababu kucheka kulikatazwa katika kifungu tofauti na kile cha kuzungumza, lakini akashindwa.

Siku hiyo alikunywa chai.

*

Baada ya hapo kigoda kilihama kidogo kidogo. Kilivuka kizingiti kwa sababu ya mvua. Kikasogea karibu na cherehani kwa sababu ya upepo. Mwisho kikawa jikoni, na hapakuwa na sababu.

Ngusa alimmenyea viazi. Alimtungia uzi kwenye sindano. Alimsomea gazeti, na walipofika kwenye hotuba za viongozi alibadilisha sauti, akazisoma kwa kutanua mashavu, na Bi Mwanakheri akawa anapiga makofi mahali pasipostahili, kama wabunge. Alimwambia kinachopita barabarani: lori la saruji, harusi ya watu wachache, mbwa aliyevaa tai ya shule.

"Muongo," Bi Mwanakheri akasema.

"Naapa. Tai ya bluu."

Ngusa alimweleza pia maisha yake. Alikuwa amehamishwa kituo mara nyingi mno. Mke wake alichoka kufunga mizigo akarudi kwao na watoto, na watoto hao walikua wakimjua kwa simu. "Nimewahakiki wapweke wa wilaya nzima," alisema. "Jioni narudi kwenye chumba changu. Mimi sijui atanihakiki nani."

Bi Mwanakheri alimsogezea kikombe. Kisha akauliza, "Una sura gani wewe?"

"Ya kawaida. Ya mtumishi wa umma."

"Hiyo ndiyo sura gani?"

"Ile ambayo ukishaiona huwezi kuikumbuka."

"Mimi nitaikumbuka," akasema, na akaona haya, akauliza kama viazi vimeiva.

Mvua zilipoanza kupungua, wote wawili walijua msimu wa uhakiki unakwisha, na hawakulitaja. Ngusa ndiye aliyeanza.

"Wiki ijayo Baraza linakaa. Wataniuliza."

"Utawaambia nini?"

"Nikiwaambia kweli, utakatwa nusu. Macho hayatafanyiwa kitu."

"Na ukiwaambia uongo?"

"Utaona." Alikuwa anamenya kiazi, akaendelea kukimenya mpaka kikabaki kidogo kama gololi. "Lakini mimi sitakuja tena. Anayepewa msamaha wanamfuatilia miaka. Akionekana na mtu, kodi inarudi, na faini juu yake."

Bi Mwanakheri alimgeukia. Aliona kile alichokuwa akikiona siku zote, giza zito kidogo katikati ya ukungu.

"Mimi nitaogopa kuchagua," akasema. "Sema wewe."

*

Baraza la Upweke lilikutana kwenye ukumbi mkubwa wa Mfuko, na Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Tindwa, alifungua kwa hotuba.

"Ndugu wananchi! Nchi nyingi duniani zina watu wapweke. Lakini ni nchi gani imewaratibu? Ni nchi gani inayompa mpweke wake afisa, kigoda na mwavuli? Wenzetu wanawaacha wapweke wao peke yao! Sisi tumekataa. Sisi tunasema, mpweke hatakuwa peke yake katika upweke wake, Serikali itakuwa imekaa mlangoni ikimtazama!"

Makofi yalikuwa mengi. Watu waliletwa kwa mabasi kwa ajili hiyo.

Kisha Ngusa akasimamishwa mbele.

"Katika kipindi chote," Mheshimiwa Tindwa akauliza, "kuna mtu aliyeingia nyumbani kwa mwombaji?"

"Hakuna mtu, Mheshimiwa."

"Aliyekula naye?"

"Hakuna mtu."

"Aliyecheka naye?"

Ukumbi ukasubiri. Bi Mwanakheri, aliyekaa mstari wa mbele na kanga yake ya Waziri, alikaza vidole.

"Afisa Ngusa?"

"Hakuna mtu, Mheshimiwa. Nilikuwepo mimi tu."

Mkurugenzi akaridhika, kwa kuwa afisa si mtu. Akagonga meza. Bi Mwanakheri alitangazwa rasmi kuwa hana mtu, akavishwa shada la maua, akapigwa picha akipokea cheti chenye fremu. Alijua ni kwa nini Ngusa amesema vile. Alijua vizuri. Hata hivyo maneno yale yalipita kwenye kipaza sauti, yakajaa ukumbi mzima, na yakaingia ndani yake mahali ambapo sababu nzuri haifiki.

Alipotoka nje aliuliza yuko wapi mhakiki. Wakamwambia amekwisha panda gari la ofisi. Alikuwa amepandishwa cheo palepale kwa uhodari wa kuthibitisha, na amepelekwa wilaya ya mbali ambako wapweke wanasemekana ni wengi.

*

Fedha zililipwa zote, bila kukatwa. Serikali ikiahidi hutimiza, mara nyingine.

Hospitalini walimwambia avue viatu, na wakamuuliza, "Aliyekusindikiza yuko wapi?"

"Sina."

"Hatumpasui mtu asiye na mtu, mama. Nani atakushika mkono kurudi?"

Akawaonyesha cheti. Muuguzi alikisoma kwa heshima, akasema ni cheti kizuri, lakini ni cha ofisi nyingine.

Ikambidi atoke hadi getini, ambako ndugu wa kukodi walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mjomba alikuwa na bei kubwa kwa sababu alivaa koti. Bi Mwanakheri alichukua binti, mwanamke mchangamfu aliyekuwa binti wa wagonjwa wengine watatu asubuhi hiyohiyo. "Usiogope mama'angu mzazi," alimwambia akimsukuma kwenye chumba cha upasuaji. Bandeji zilipofunguliwa alimfikisha hadi kituoni, akambusu mkono, akarudi mbio getini, maana muda wake ulikuwa umekwisha.

Kwa hiyo Bi Mwanakheri aliuona ulimwengu akiwa amesimama peke yake kituoni. Aliona majani, moja moja. Aliona bendera juu ya posta, na mshono wake mwenyewe wa zamani pembeni, umenyooka. Alilia, na hapakuwa na wa kumwambia.

Nyumbani alikuta kuta zina rangi aliyokuwa ameisahau. Alifagia vumbi ambalo hakulijua. Alipomaliza alikaa jikoni, akatazama nafasi iliyokuwa karibu na jiko. Ilikuwa nafasi tupu, naye aliiona vizuri sana.

Sokoni alianza kutazama nyuso za wanaume wa makamo. Hakumjua Ngusa kwa sura. Angeweza kupita ubavuni mwake, na Ngusa, kwa kuogopa kumponza, asingefungua mdomo. Kwa hiyo kila mwanaume mwenye sura ya kawaida aliyenyamaza alimfanya asimame, na wanaume wa namna hiyo ni wengi. Wengine walidhani ana wazimu. Mmoja alimpa sarafu.

*

Siku moja adhuhuri mlango uligongwa.

Bi Mwanakheri alifungua, na mbele yake alisimama mwanaume wa makamo, mpana, mwenye beji ya Mfuko, na kigoda mkononi. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa.

"Ngusa!" Alimshika mikono yote miwili. "Nilijua! Nilijua hutavumilia! Ingia, ingia ndani, nina viazi, wala sijali, waache wakate wanachotaka…"

"Mama," mtu yule akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mimi naitwa Kombo. Nimekuja kwa ukaguzi wa ufuatiliaji."

Bi Mwanakheri akaiachia ile mikono.

Kombo hakuwa mtu mbaya. Alitazama chini, akachezea kofia yake, akasema taratibu, "Naweza kuandika kwamba ulikosea mtu, mama. Macho mapya."

"Macho yangu ni mazima."

"Au ulikuwa unamsubiri fundi bomba."

"Sina bomba."

"Mama, nikuulize kikazi basi. Ulikuwa unamsubiri mtu?"

Angeweza kusema hakuna mtu. Neno lenyewe ni fupi, na fedha zilizobaki zilikuwa za kula. Lakini lilikuwa limekwisha kusemwa mara tatu kwenye kipaza sauti, na alikuwa anaishi nalo tangu siku ile, asubuhi na jioni.

"Namsubiri mtu," akasema. "Andika."

Kombo akachomoa kalamu. "Atakuja?"

"Sijui. Andika tu hilo la kwanza."

*

Wanasheria wa Mfuko walijifungia hotelini kando ya ziwa kwa muda wa kutosha, wakarudi na maoni kwamba kumsubiri mtu ni namna ya kuwa naye. Kodi ya Haraka ikarudi, na faini. Kilichobaki cha akiba kilichukuliwa, na kilichopungua Bi Mwanakheri alikubali kukilipa kidogo kidogo. Alirudi kwenye cherehani, sasa akishona sare za shule, na mwisho wa kila mwezi alipanga foleni kwenye lile jengo refu.

"Mama, nakuonea huruma," kijana wa dirishani alimwambia kila mara. "Kata rufaa. Kana tu. Sema huna mtu, haichukui hata nusu saa, deni linafutwa."

"Nipe risiti yangu, mwanangu."

Aliipokea, akasogea pembeni kwenye mwanga, akaisoma yote kuanzia juu, nembo na namba na tarehe, mpaka kwenye mstari wa mwisho ambapo Mfuko ulikuwa umepiga chapa kwa wino wa bluu: *Sababu ya kodi: mlipaji ana mtu.* Kwanza aliusoma kimya, halafu aliurudia kwa sauti ndogo. Baada ya hapo aliikunja risiti akaenda zake.

Mwaka ulipokwisha, Waziri alisimama bungeni kusoma takwimu za maendeleo. Alisema kwamba kutokana na sera madhubuti, upweke nchini umepungua kwa mtu mmoja. Wabunge walipiga meza, na bendi ikapiga wimbo wa taifa, safari hii ule wenyewe.

Bi Mwanakheri hakusikia, kwani hakuwa na redio. Alikuwa jikoni anakula viazi, mlango ameuacha wazi, na nje hapakuwa na mtu.